Jumanne, Saa Tatu na Robo

Barua ilifika wiki tatu kabla,
bahasha nyeupe, muhuri wa hospitali ya Swansea:
Jumanne, saa tatu na robo asubuhi.
Mama yako akaibandika kwenye friji
kwa sumaku yenye picha ya kondoo,
kati ya bili ya gesi na ratiba ya mapipa ya taka.

Kila mtu aliijua siku yako.
Aliijua msimamizi wangu kule ghalani,
aliijua jirani Gwenllian mwenye paka wawili,
aliijua bibi yako Korogwe, akaizungushia wino kwenye kalenda.
Wewe tu hukuarifiwa.
Jumatatu usiku ulikuwa umejikunja,
kisigino chini ya ubavu wa mama,
umeshikwa na kwikwi zako za saa nne
kama mtu asiyejua kuwa kesho anahama.

Basi nikakuambia mimi.
Nilipiga magoti kwenye zulia, mdomo karibu na tumbo:
Kesho, mwanangu, hutapiga hodi.
Mlango utafunguliwa kutoka nje.
Usishtuke. Taa zitakuwa kali, mikono itavaa mpira,
lakini mmoja wa watakaosema ni mimi,
na sauti hii unaifahamu,
ndiyo inayogombana na redio kila Jumamosi.
Mama yako akacheka hadi ukarukaruka humo.
"Mwambie na baridi," akasema. "Mwambie kuhusu baridi."

Shangazi Mwanahawa alipiga simu:
Mtoto hupangiwa siku kama fundi wa bomba?
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi,
na huyu ataujuaje, kalazwa na ganzi?
Mama yako hakujibu. Alikuwa jikoni
akikamua dang'a, tone baada ya tone,
ndani ya kibomba kisicho na sindano,
umanjano usiojaza kijiko,
akiandika tarehe, akiweka kwenye friza
chini ya mfuko wa njegere.

Wakashusha pazia.
Tuliomba hivyo, kwa mwandiko wa mama yako:
pazia lishushwe,
redio izimwe,
msiharakishe kukata kiungamwana.

Ulipotolewa hukulia. Ulikunja uso
kama mtu aliyeamshwa kwenye treni, na kituo si chake.
Mkunga Carys akakusugua kwa taulo,
akakunong'oneza neno la Kiwelisi.
Mimi sikulielewa. Wewe nadhani ulilielewa,
maana hapo ndipo ulipoangua kilio.

Wakakulaza kifuani kwa mama. Meno yake yaligongana,
mikono ilitetemeka kwa ile dawa ya mgongoni.
"Mchukue," akaniambia, "nitamwangusha."
Nikafungua vifungo.
Kifua changu hakina cha kukupa:
kina nywele, na kovu la rafu ya ghalani.
Ulipekua, ukatafuta, ukakuta mfupa,
ukaulalia.
Dakika arobaini na mbili, kwa saa ya ukutani,
wao wakimshona, tabaka juu ya tabaka,
mimi nikipumua polepole
ili nisikuamshe.

Nikuambie na hili, kabla hujalisikia kwingine.
Siku mbili mama yako alikutazama
kama mtu aliyeachiwa amana ya jirani.
Alikunyonyesha, alikufunika, hakukosea kitu.
Machozi yalimtoka akinawa uso, akadai ni sabuni.
Carys hakumhubiria. Alikuvua kila kitu ila nepi,
akakuweka ngozi kwa ngozi, akasema:
kaeni hivyo. Mengine yana mwendo wake.

Usiku wa tatu, mvua ikipiga dirisha kwa upande,
ulikuwa chini ya kwapa lake, mbali na mshono,
miguu yako ikielekea mgongoni kwake,
ukashikwa na kwikwi.
Zilezile. Saa nne ileile.
Akakuinua usoni kwake, kidonda na yote,
akapiga ukelele: "Kumbe ni wewe!"

Nesi akaja mbio,
akidhani nyuzi zimekatika.