Tambi

Kwetu Sivakasi hatukuhesabu umri kwa miaka.
Tulihesabu kwa tambi:
mia nne kwa siku kabla meno ya utoto hayajang'oka,
elfu moja yakishaota mapya.
Vidole vyetu vilikuwa vya fedha,
unga usiotoka kwa majivu wala kwa ndimu.
Mama alitulisha tonge kwa mkono wake
tusije tukajilamba.

Miezi kumi na mmoja ya kusokota
ili nchi ipige kelele usiku mmoja.

Nilipoolewa, mama mkwe Velammal alinipokea mlangoni,
akaishika mikono yangu, akaigeuza,
akatazama kucha.
"Hapa," akasema, "hatuwashi fataki.
Kuna popo."

Nilidhani ni fumbo.
Kulipokucha nikawaona: mkwaju mzima umevaa popo,
wanagombana, wananuka,
wananyea ukuta uliopakwa chokaa jana.
Nilicheka peke yangu jikoni.
Kijiji kizima kinanong'ona
kwa ajili ya panya wenye mbawa!

Deepavali ya kwanza nikaamshwa saa kumi alfajiri.
Mafuta ya ufuta utosini, maji ya moto,
sari mpya yenye kidoa cha manjano pembeni,
kijiko cha dawa ya tangawizi na sukari guru
iliyonikwaruza koo.
Kisha nikasimama uani, nangoja.
Mwili ndio uliokuwa ukingoja; mabega
yalishapanda hadi masikioni.

Hakuna kilicholipuka.
Jirani alikohoa. Ng'ombe alitafuna.
Ndipo nikasikia, baada ya miaka tisa,
kile ambacho kelele zilikuwa zikinifichia:

banda namba saba, saa nne asubuhi,
kaka yangu Maadasamy akichota unga kwa kopo la bati,
jua limekaa juu ya paa kama mdai,
bati likakwaruza sakafu.
Halafu kimya. Kimya kama hiki hiki,
kabla kina mama hawajaanza kukimbia.

Tulipewa ndala moja, ya kushoto.

Malori hayakuchelewa mwaka ule.
Maboksi yalikuwa na picha ya mtoto mnene anayecheka.
Na mahali fulani, Delhi ama Jaipur,
mtoto wa kweli aliuwasha utambi alioufunga kaka yangu,
akaziba masikio, akacheka.
Simlaumu. Nani alimwambia?
Moshi wake haukwenda mbali:
uliingia ndani, ukapanda kitandani,
ukalala kifuani mwa bibi yake
mpaka mwezi ukaandama tena.

Mama hunipigia simu.
Mwaka huu maboksi ni machache, anasema,
wakubwa wa mijini wamekumbuka kwamba wana mapafu.
"Vizuri wapumue. Sisi tule nini?"
Sijapata jibu la kumpa.
Nimemtumia rupia mia tano
na kilo mbili za tambi, hizi za kupikwa na maziwa,
nikajua ninapozituma kwamba si jibu.

Sasa ni Kathir, mwanangu, ana miaka saba,
ameona fataki kwenye simu ya binamu yake.
"Amma, Mungu atajuaje kama ni sikukuu?"
Nimempa pamba. Nimemwambia, sokota.
Nikasokota naye,
na vidole vyangu, mbwa wasiosahau njia,
vikaanza kuhesabu vyenyewe:
mia, mia na moja, mia na mbili...
Nikavikunja ndani ya kiganja.

Alfajiri akaweka taa yake kizingitini.
Mkwajuni popo walikuwa wakirudi
kutoka zamu ya usiku, wakigombea matawi.
Akaushika moto utambi,
akarudi nyuma hatua tatu, mbio,
akaziba masikio.

Ukawaka tu.