Uani, Ndosho

Jeki imekaa juu ya jiwe la volkano,
ndugu wa yale yaliyozila shokomzoba.
Kanyere anashika tochi ya simu;
anamulika kidole changu, si nati.

Nati ya tatu imeoza. Naimwagia mafuta,
naitukana kwa Kinande, watoto wasielewe.
Wanaelewa.

Ya zamani inatoka ikilia weusi.
Naikandamiza: inashuka, hairudi.
Miaka tisa imebeba mahindi ya Rutshuru,
mama mkwe, jeneza moja,
na usiku ule wa lava, watu kumi na wanne hadi Sake.

Springi ikibanwa, sote kimya.

Jioni tunazunguka mtaa.
Kwenye shimo la kwa fundi cherehani
gari linainama, linainuka mara moja, linatulia.

Nyuma, kitindamimba ananuna:
"Baba, halichezi tena."