Pakanga

Saa tisa mchana Kessy alitupanga mbele ya kaunta,
kiyoyozi kikikohoa,
nje Upanga ikiwaka kama karai la chipsi.
Akaweka chupa tatu juu ya kitambaa cheupe.
Someni kwa pua kwanza, akasema.

Hii ni divai, lakini divai iliyotembea.
Imekutana na mizizi, maganda, maua makavu,
ikaongezewa pombe kali kidogo isichoke njiani.
Ukishaifungua, friji. Msiiache rafuni na wiski
kama mlivyoiacha ile ya mwezi jana
ikafa imesimama, nanyi mkaendelea kuiuza.
Tukatazama viatu vyetu.

Ya pili nzito, ya kijani, tamu kama maneno ya mdeni,
na nyuma ya utamu, msitu.
Sukari hapa haikuja kustarehe, alisema.
Imetumwa iushike mzizi mkono
usiingie kooni kwa fujo.

Ya tatu ilikuwa kichupa, karatasi yake imekizidi
kama mtoto ndani ya shati la kaka yake.
Hainywewi hii. Inadondoshwa.
Marando akauliza: kwa Kiswahili inaitwaje?
Kessy akakuna kidevu.
"Machungu."
Tukaangua kicheko. Nani atoe elfu ishirini na tano
aagize machungu?

Mimi nilicheka kidogo tu.
Nilikuwa nimeirudia ile ya kwanza kwa pua,
na chini ya vanila, chini ya ganda la chungwa,
nikamkuta shangazi Nambua
ameketi Buguruni nyuma ya meza yake,
mafungu ya majani kwenye kamba ya mgomba,
nami nina miaka saba, nina homa,
nimebanwa pua, kikombe cha bati mdomoni.
Pakanga.
Huko mbali wameipigia muhuri wa dhahabu.
Kwetu ilikuwa mia tano fungu, na ukilia unaongezewa.

Lugha yetu hapa ina ubahili, au busara, sijui:
uchungu wa mwarobaini, uchungu wa msiba,
uchungu wa mwanamke aliye leba pale Amana,
neno moja limebeba vyote na halijatua mzigo.
Hata anayekupenda kweli, husemwa ana uchungu nawe.
Sijasikia mtu mwenye utamu nawe.

Wiki ile nikafanya langu.
Chupa ya achari niliyoichemsha, konyagi nusu,
pakanga, iliki tano za kupondwa,
ganda la chungwa la Muheza nililolianika juu ya bati la choo,
karafuu mbili (tatu zingegeuka serikali).
Nikaificha uvunguni, Mabibo, nikaitikisa kila asubuhi
kama anayeamsha mtoto wa shule.

Shangazi haijui pombe. Siku ya kumi na tatu
alikuja na ndizi zake, bila hodi,
akasimama mlangoni, pua juu.
"Nani mgonjwa humu?"

Nikaitoa, nikisubiri laana.
Hakuionja. Aliifungua, akafumba macho,
akayaita majani yangu kama mwalimu na mahudhurio:
iliki, chungwa, karafuu, "mbili, vizuri,"
na alipofika kwenye konyagi akairuka
kama mtu arukaye dimbwi na gauni la kanisani.
"Inanukia, ila haikai. Haina cha kuishikilia."
Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cheusi cha mzizi,
jina akabaki nalo.
"Siku ishirini na moja. Una haraka kama mgonjwa ni wewe."

Jumamosi moja akaingia mama wa makamo, mkoba mweusi,
macho yametoka mbali.
Kitu chochote, alisema, kisiwe kitamu.
Nikamwekea maji ya soda, barafu, matone matatu.
Akanywa. Uso ukakunjika, ukafunguka polepole.
"Hii inaitwaje?"
Kessy alikuwa ananitazama kutoka kwenye friji.
Machungu, nikasema.
Akaisogeza glasi kwangu.
"Ongeza tone."