Kizibo Chenye Tundu

Saa kumi alfajiri, Daugavpils, theluji imempanda mabegani,
Raitis anagonga dirisha la stoo: "Mama Skaidrīte, nipe kizibo."
Kizibo.
Kana kwamba ni chumvi, kana kwamba ni njiti ya kiberiti.

Ingia kwanza. Funga mlango, joto linatoka.
Kaa kwenye kreti. Si hilo, lile.
Sasa niambie: cha nini?
Kuziba si ufundi. Mafuta ya kukaangia huziba,
nywele huziba, mdoli wa mtoto huziba,
na hakuna anayevilipa mshahara.

Umepima? Ndani, si nje.
Namba iliyopigwa chapa ubavuni ni ya kiwandani;
bomba limekula kutu miaka sitini
likajiandikia namba yake lenyewe.
Imants alisoma ubavu.
Kusoma alijua, tatizo halikuwa hilo.

Tazama rafu. Hiki cha chuma:
sahani mbili, raba katikati, ukikaza nati raba inatanuka
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kukataa.
Kizuri, kwa bomba dogo, la duara, lililosuguliwa likasafika.
Lakini lile la Mtaa wa Viestura ni la matofali,
lina umbo la yai,
na duara halizibi yai.

Hiki cha kupuliza. Kinaingia kimesinyaa kama soksi,
kinatuna kwa upepo mpaka kijaze kila kona.
Sindano ikigusa moja na nusu, acha.
Si mbili. Si "nimeona kama hakijakaza."
Kile chenye kiraka usikiguse,
nakiweka nikione, si nikitoe.

Karakana ya treni bado inamwaga humo?
Basi si raba hii. Hii hulewa mafuta:
inalainika, inatabasamu, inaachia.
Chukua ile ya upande wa kushoto, yenye mstari wa njano.

Na maji nyuma yake, mita ngapi?
Usiniambie "kiasi."
Upana wa sentimita sitini, kina cha mita mbili:
kilo mia tano na zaidi zimeegemea mlango
ulioufunga kwa pampu ya mkono.
Ni ng'ombe mzima, Raitis, ameinamisha pembe,
nawe unataka kupiga magoti mbele yake
uangalie kama anavuja.
Kaa ubavuni. Weka gogo la kuzuia. Funga kamba.
Imants alikaa mbele.

Halafu juu ya mtaa kuna hospitali ya wazazi.
Watoto hawangoji ratiba yetu,
na huwezi kuuambia mji mzima ubane mpaka saa sita.
Kwa hiyo si hicho ulichokishika. Hiki.

Anakigeuza, anachungulia, namwona jicho upande wa pili.
"Mbona kina tundu katikati?"

Ndiyo. Kinaziba, kinapitisha.
Unaunga mpira hapa, mji unapita kooni mwake,
wewe unapata matofali makavu na saa nne za kazi.
Kizibo kisichojua kupitisha
mwishowe hupitishwa.

Ngoja, hujaniuliza la mwisho.
Vijana wote mnauliza kuziba, kuzibua hamuulizi.
Kwanza maji yashuke, ndipo upepo utoke,
kidogo, kidogo, valvu ikiimba kwa pua.
Siku ile Imants alikuwa amechoka, baridi kama hii,
akaanza na upepo.

Andika hapa jina lako, namba ya kizibo, saa ya kutoka.
Saa ya kurudi tutaiandika wote wawili, kwa wino.
Usifunue ukurasa wa nyuma.
Kuna mstari mmoja pale una saa ya kutoka tu,
nami kila mwaka nabadilisha daftari
na kila mwaka naunakili.

Chai iko kwenye chupa.
Glavu zako ziko wapi?
Haya, chukua zangu.