Ngazi za Buluu

Januari ile niliipiga picha bahari iliyoganda,
Kemi, saa tisa alasiri,
jua limechungulia kidogo, likajirudia zake,
na anga linashuka kutoka weusi hadi samawati
polepole, pasipo mahali pa kusema: hapa ndipo.

Nikaifungua kwenye programu ya Tarmo.
Anga likakatika.
Ngazi! Ngazi kumi na saba za buluu,
mtu angezipanda na buti zake za theluji
akabishe hodi kwa Mungu.

Nikamwita. Akatazama,
akakoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.
"Inajua viwango mia mbili hamsini na sita
vya kila rangi. Baina ya kimoja na kinachofuata
ni kipofu. Tutarekebisha."
Mimba yangu ilikuwa ya miezi minne.

Sikujua kwamba kuigusa hesabu ile
ni kung'oa msingi
na wenye nyumba wamelala ndani.
Kila brashi, kila kichujio, kila mkasi
ulifundishwa kuhesabu mpaka hapo na kukoma;
sasa kila kimoja kirudishwe chuoni,
na walimu ni watatu, hawalipwi,
na mmoja hulinda mitambo ya joto ya mji
tangu saa nne usiku hadi alfajiri.

Helka akazaliwa. Akaota meno.
Toleo likabaki lile lile, nukta tisa,
kisha nukta tisa nukta mbili,
kama mtu anayekaribia mlango
kwa kugawa hatua yake nusu kwa nusu.

Belmiro wa Coimbra alitengeneza tabaka,
usiku, bila kuonana nasi hata mara moja.
Akapata mapacha, akapotea.
Mistari yake elfu nne imo humo bado,
nadhifu, na kwenye mmoja ameandika:
*samahani, hapa nilikuwa na usingizi.*
Zdenka wa Olomouc akaupokea mzigo pale ulipoangushwa.

Wenzangu wa studio walilipa kodi ya programu nyingine
mwezi kwa mwezi, kama chumba cha kupanga.
"Cha bure kina gharama," wakanitania.
Nilikuwa na jibu, lakini sikuwa na picha ya kulionyesha.
Na kusema kweli, kuna usiku nilimwonea wivu
mke mwenza huyo asiye na nyonga,
anayemkesha mume wangu
na asubuhi hajafua hata soksi.

Mtu tusiyemjua akamwandikia:
*Miaka sita nangoja. Wavivu ninyi.*
Mimi ningemjibu kwa lugha ya bandarini.
Tarmo akamshukuru,
akamwuliza kompyuta yake ni ya aina gani.

Helka akaanza shule. Akavunjika mkono, ukaunga.
Akajifunza kugawanya, halafu sehemu,
akagundua mwenyewe mezani
kwamba kati ya moja na mbili hakuna mwisho.
Baba yake aliacha kula.

Machi, saa kumi na moja alfajiri, akaniamsha.
Hapakuwa na vigelegele. Feni ya kompyuta tu,
na kanzu yake ya kazi yenye harufu ya moshi.
Akalifungua faili langu lile la zamani, ghafi,
jinsi kamera ilivyoliona.

Kumbe lilikuwa na kila kitu siku zote.
Kamera haikusahau hata chembe ya mwanga.
Sisi ndio tulikuwa hatujui kusoma.

Weusi ukashuka ukawa samawati
na sikuona ulipogeuka.

Helka akapita na mswaki mdomoni,
miaka kumi na miwili, mrefu kunishinda.
Tukamwonyesha. Akatazama huku na huku,
akatafuta kilichotutoa machozi.
"Mbona ni anga tu?"

Tarmo akacheka mpaka akaketi chini.
Kisha akainama karibu na kioo.
Kona ya kushoto, chini kabisa,
pikseli moja ya kijani, haina kwao.
Akavuta kiti.