Mfereji wa Chumba cha Tatu

Kiinua mgongo cha miaka ishirini na tisa bandarini
nilikigeuza matofali, mabati, milango sita ya kijani,
Mishomoroni, nyuma ya muuza viazi karai.
Mwanakombo akaniambia: sasa tulale,
pesa itatembea yenyewe hadi mlangoni.
Kumbe pesa haina miguu.

Tarehe tano ya kwanza nilivaa kanzu ya pasi,
nikaketi barazani na kitabu cha stakabadhi,
karatasi ya kaboni ingali yanuka duka.
Chumba cha kwanza: "Mshahara haujaingia, babu."
Cha pili akalipa nusu,
na nusu hiyo ikanunua bati la choo lililobebwa na upepo.
Bi Mghoi wa cha nne akalipa yote, noti kwa noti,
kisha akanikabidhi orodha: kitasa, panya, swichi inayorusha,
na mlevi wa cha tano anayeimba saa nane.
Yule wa cha tano alihama usiku uleule.
Alihama na balbu zangu.

Cha tatu ni Mwakio, mpakuzi wa vitunguu Kongowea.
Ameshazika shangazi wawili tangu Januari.
Mwezi wa tatu aliapa kwamba ametuma,
"Ujumbe huu hapa, soma mwenyewe,"
akanipa simu yenye kioo kilichopasukapasuka
nikaona uso wangu tu, vipande vinane.

Na maji ya kisima ni chumvi, yanakula chuma kama mchwa.
Na mwenye gari la kunyonya shimo la choo
anataka elfu saba, hajui neno kesho.
Na kaunti nayo imeleta barua.
Kodi nadai, kodi nadaiwa:
neno ni moja, nalo ni msumeno.

Jana baada ya isha nikaenda bila kanzu.
Kwa mbali niliona taa yake.
Tochi yangu ilipogusa ukuta, taa ikazimika;
redio ikakatwa, mpira ukiwa miguuni mwa mtu.
Ndara zilizokuwa kizingitini zikavutwa ndani,
moja, halafu ya pili.
Nikabisha. Nikabisha tena.
Kimya.

Kimya hicho nakijua.
Majengo, mwaka wa themanini na saba,
nyumba ya Bwana Shebwana:
mimi na Mwanakombo chini ya chandarua,
mtoto kazibwa mdomo kwa titi,
sufuria imeepuliwa mbichi isije ikanukia,
tunahesabu bakora ikija ukumbini.
Yeye alikuwa akibisha mara tatu.
Daima tatu.

Mkono wangu ulikuwa juu, tayari.

Ndipo nikasikia, humo gizani:
to. Kisha to. Kisha to.
Mfereji.
Ule alionilalamikia mwezi wa pili,
nami nikamwambia kesho, kijana, kesho,
huku nikifunga kitabu.
Ndoo ilikuwa karibu kujaa, nilijua kwa sauti.

Sikusamehe kitu.
Elfu tatu na mia tano ni elfu tatu na mia tano,
mara tatu.
Lakini asubuhi hii nimenunua washa ya shilingi thelathini,
nimeazima spana kwa fundi Nyiro,
naenda mchana kweupe, nikiburura viatu anisikie.

Najua atakachowaza
akichungulia na kuniona na chuma mkononi:
mzee amekuja kung'oa mlango.