Lenye Pengo

Fukuoka, wiki ya tatu. Mbele ya friji ya duka
maboksi kumi na manne, yote meupe,
yote yana ng'ombe anayecheka.
Mimi niliyekamua nyati wa kufugwa kule Gorkha,
niliyejua kwa harufu tu kwamba jana alikula haradali,
leo sijui maziwa ni lipi.

Simu inanitafsiria: *furaha ya mfupa.*
Naisogeza. *Kimiminika cha ng'ombe, kimerekebishwa.*
Kimerekebishwa? Kilikuwa na kosa gani?

Lile la juzi Prabin alionja, akakunja uso:
"Mama, hii peremende imeyeyuka."
Ubavuni, mwandiko wa sisimizi:
sukari, chumvi ya nini sijui, kitu cha kuzuia mafuta yasijitenge,
na kingine ambacho hata simu ilinyamaza.

Ndipo Bi Kuwabara wa ghorofa ya chini,
fimbo yake nyeupe kwapani,
akapitisha kidole juu ya maboksi
kama ahesabuye vichwa vya wajukuu waliolala.
Akasimama. Akaushika mkono wangu bila kuuliza,
akaniwekea kidole ukingoni:
kipengo cha nusu duara,
kama pale jino la Prabin lilipong'oka.
Alisema kitu kirefu.
Nilidaka maneno mawili: *maziwa*, na *tu*.

Nikaligusa la peremende. Ukingo mzima,
laini, hauna la kusema.

Sasa nafumba macho nikinunua, watu wananipisha.
Mkate bado unanishinda.
Una mistari kumi na mmoja
na hauna pengo popote.